Karani Asiyeapa

Wiki mbili sasa simu yangu ikilia siipokei mpaka niangalie jina mara mbili. Nikiona namba nisiyoijua naiacha ilie hadi inyamaze, halafu natafuta mahali pa kukaa. Mimi ni mwoga, sifichi. Hata watoto wangu wanajua na wananicheka. Lakini huu si ule uoga wangu wa kila siku, wa panya na wa mabati yakipigwa na upepo. Huu una mwenyewe, na mwenyewe ni mzee mmoja niliyekaa naye jirani miaka kumi na minne. Sijawahi kuona mtu mpole kumshinda, na ndiye ninayemwogopa kuliko polisi. Wacha nimweleze, labda nikimweleza nitapumua.

Tulimwita Karani. Jina lake lingine lilikuwa kwenye kitambulisho na sikuwahi kuuliza. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu. Alikuwa na meza, mwavuli mkubwa uliopauka, na mashine nzito ambayo jioni aliibeba begani kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Alikaa kando ya barabara inayotoka Sarang'ombe kwenda Olympic, hapa Kibera, na mimi nilikuwa na jiko langu la mandazi hatua nne kutoka hapo. Nyumbani pia tulikuwa ploti moja, mlango wake unatazama wangu, bomba moja, choo kimoja. Mkigawana choo na mtu, hakuna kitu chake usichokijua.

Watu walimjia na shida za karatasi. Kitambulisho kimepotea, cheti cha mtoto kimeliwa na panya, jina la shuleni halifanani na la kuzaliwa. Mambo kama hayo yanataka hati ya kiapo: unaandikiwa maelezo yako, unayapeleka kwa wakili, unaapa mbele yake kwamba ni kweli, anakugongea muhuri. Kwa wengine ni kazi ya dakika kumi. Kwa Karani ilikuwa ya saa nzima, kwa sababu kila mstari alisimamisha vidole akauliza, "Hili unalijua, ama umeambiwa?"

Kuna mama alikuja akitaka iandikwe kwamba mume wake amekufa. Karani akamuuliza kama aliuona mwili.

"Sikuuona. Shemeji alinipigia simu kutoka Mombasa."

"Basi tutaandika kwamba umeambiwa na shemeji yako, na wewe unaamini."

"Kwani wewe mzee unataka afufuke?"

"Sitaki chochote, mama. Nataka karatasi iseme kile unachokijua."

Nilicheka mpaka nikaunguza mandazi. Mama yule alienda akinung'unika, lakini karatasi yake ilikuwa imenyooka. Wengi hawakuwa na uvumilivu huo. Walihamia kwa kijana wa kompyuta, ambaye alikuandikia chochote, hata kwamba umezaliwa mara mbili. Karani akabaki na wazee na watu wenye kesi za kweli, na siku nyingine alikula mandazi yangu ya jana kwa sababu hakuwa na ya leo.

Kile kilichomfanya asemwe hakikuwa taipu, kilikuwa maombi. Kwetu hakuna mkutano unaoanza bila maombi, hata mkutano wa kuzibua choo. Sasa yeye walimfanya mwenyekiti wa ploti kwa sababu hakuwa mwizi, na siku ya kwanza kabisa watu wamesimama, wameinamisha vichwa, wanangoja. Karani akasema, "Tunyamaze kidogo. Kila mtu aongee na yule anayemjua." Akanyamaza. Baadaye pasta wa ploti yetu, aliyekuwa na kanisa la mabati pale chini karibu na mto, akamfuata mpaka kwenye meza yake.

"Karani, niambie tu ukweli. Wewe ni mpagani?"

"Sijui kama Mungu yuko, pasta. Na sijui kama hayuko. Wewe unajua, na mimi sigombani na wewe."

"Utajua ukifa."

"Labda. Na labda nikifa nitakuwa siwezi kujua kitu."

Nilisogeza jiko langu. Kweli nilisogeza, mita nzima, kwa sababu wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Ngong na sikutaka radi ikimtafuta yeye inipate mimi. Wateja waliniuliza kwa nini nimehama na nikawaambia ni moshi.

Lakini mtu huyohuyo alizijua tenzi zote, na kwenye matanga aliimba besi mpaka wazee wakageuka kumtazama. Mwezi wa Ramadhani hakula chochote mchana mbele ya mwenye ploti wetu, mama wa Kinubi, na jioni mama yule alimpelekea uji wa kufuturu kama amefunga. Kitu alichokichukia ni "walai." Sisi Nairobi hatuwezi kununua sukuma wiki bila walai na haki ya Mungu. Yeye alikuinulia kidole: "Usimtaje shahidi kama huwezi kumleta." Vijana walimwona amezeeka vibaya. Shadrack, ndugu yangu mdogo, fundi wa mjengo aliyekuwa akikaa kwangu, alikuwa akimchokoza makusudi: "Niaje buda, walai leo jua ni kali, ama hilo pia hatujui?" Karani alicheka na kutoa ubao wa drafti. Walicheza kila Shadrack akikosa kibarua. Karani akishindwa alinuna mpaka kesho yake. Hakuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa gazeti, na foleni ya bomba aliisimamia kwa ukali mpaka wajawazito wakalia.

Na ile "sijui" yake ilikuwa inaumiza. Mtoto wangu wa mwisho aliugua kifua akafa, hata hajatembea. Wanawake wa kanisa walijaa nyumbani wakaniambia ameenda kuwa malaika, Mungu alimpenda zaidi. Karani alikuja akachukua vyombo vyangu vyote vichafu akavipeleka bombani akaviosha. Siku tatu. Mwanamume mzima, na watu wanamtazama. Siku ya tatu nikamuuliza, kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuwa akiongea, "Karani, mtoto wangu yuko wapi saa hii?"

Aliiweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua.

"Sijui, Mama Sheila."

Nilimchukia. Nilitaka anidanganye, ni kitu gani kingempotea? Ilipita karibu mwaka kabla sijamsalimia vizuri, na mwaka huo wote hakuacha kunichotea maji.

Sasa ukaja ule msimu wa kura. Sitasema upi, tumekuwa na mingi. Watu wa mgombea waliingia kwenye ploti na fulana na unga, pasta akiwa mbele. Pasta akasema ameonyeshwa katika maombi kwamba huyu ndiye chaguo la Mungu, na kila mtu ainue mkono aape kumpigia. Mikono yote ikapanda. Wangu ulipanda wa kwanza, ningeinua na miguu. Karani alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono magotini.

Kijana mmoja mwenye rungu akamwendea. "Mzee, wewe ni wa ule upande mwingine?"

"Kura yangu ni siri."

"Mungu ameshachagua, mzee."

"Basi hana haja na kura yangu."

Hakuna aliyecheka. Nilimvuta koti, hakugeuka. Kulipokucha tulikuta mlango wake umepakwa mavi. Aliuosha mwenyewe kwa maji na majivu, na mimi nikasimama mbali nikamwambia, kwa nini usiinue tu mkono, mkono ni nyama tu. Akanijibu akiendelea kusugua, "Mama Sheila, mtu akijua kabisa kwamba mtu wake ni wa Mungu, akishindwa itakuwaje? Lazima atafute aliyeiba. Na mwizi unajua tunavyomfanya hapa. Mimi naogopa watu wenye uhakika. Mtu akikubali kwamba anaweza kuwa amekosea, hachomi nyumba ya jirani." Niliangalia huku na kule kama kuna aliyesikia. Hata kumsikiliza kulinitia hofu.

Matokeo yalitangazwa na mtu wetu hakuwa ndani. Siku iliyofuata kulikuwa na tairi zinawaka barabarani. Na mchana huo, kati ya saa nane na saa tisa, duka la hadiwea lililokuwa upande wa juu wa barabara, kupita meza ya Karani, lilichomwa. Mwenyewe alikuwa mtu wa kabila la upande ulioshinda, mwanamume mkimya aliyeuza misumari na rangi. Alitokea dirisha la nyuma akapona. Wiki hiyo polisi walizoa vijana kumi na mmoja, na Shadrack alikuwa mmoja wao.

Nitasema ninachokijua, kama Karani angeniuliza. Asubuhi ile, na hili nimeambiwa na Karani, Shadrack alikuwa kwake wakicheza drafti hadi saa saba. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimetoka mapema kwenda Kawangware kwa binamu yangu mwenye posho mili, kutafuta unga, kwa sababu huku maduka yalikuwa yamefungwa. Barabara zikafungwa, nikazunguka kwa miguu, nikarudi saa kumi na moja jioni na gunia kichwani. Aliyenitua gunia hilo alikuwa Karani. Shadrack alikuwa kitandani, amelala kifudifudi. Shati lake lilikuwa ndani ya beseni, na lilinuka mafuta ya taa. Nililifua mara mbili. Sikumuuliza kitu, na mpaka leo sijamuuliza.

Kortini mimi ndiye niliyeshika Biblia. Niliishika kwa mkono wa kulia na nikaapa, Mungu nisaidie, kwamba tangu saa saba ndugu yangu alikuwa nyumbani kwangu akinitengenezea mlango, na mimi mwenyewe nilikuwa pale nikimshikia taa ya simu. Maneno yalitoka vizuri. Nilishangaa yalivyotoka vizuri. Kisha nikaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, na wakaita shahidi aliyefuata, Karani, na hapo ndipo nikaanza kuogopa.

Maana nilikuwa nimemwendea Karani kabla. Nilimwomba aseme alikuwa na Shadrack mchana kutwa. Akasema, "Nitasema hadi saa saba, nilikuwa naye. Baada ya hapo sijui." Nikamwomba basi ashike tu Biblia, hakimu asimwone mtu wa ajabu. Akakataa pia. Sikumwambia mimi nitasema nini. Nilidhani hawatamuuliza habari zangu.

Walipomletea Biblia akasema atathibitisha bila kuapa, sheria inaruhusu. Wakamsomea maneno hayo mengine. Kiongozi wa mashtaka, mwanamke mrefu mwenye miwani, akatabasamu.

"Wewe huamini kuna Mungu?"

"Sijui kama yuko."

"Sasa korti ikuamini vipi?"

"Inisikilize kwanza, halafu iamue."

Akaeleza habari za drafti hadi saa saba. Nikafikiri imekwisha. Yule mwanamke akapindua karatasi.

"Unakaa mlango kwa mlango na dada wa mshtakiwa. Ameapa hapa kwamba yeye mwenyewe alikuwa nyumbani mchana wote. Ni kweli dada huyo alikuwa nyumbani?"

Karani aliinua uso akanitafuta mpaka akanipata kule nyuma. Nilimwona Sheila wangu akiniletea chakula jela, nikawaona wadogo zake wakigawanywa kwa watu. Nilijua atakachosema. Mtu huyu alikataa kunidanganya juu ya mtoto aliyekufa.

"Sijui," alisema. "Mlango wangu ulikuwa umefungwa. Nje kulikuwa na fujo."

Shadrack aliachiliwa, maana hakuna aliyeweza kusema ameuona uso wake pale dukani. Jumapili tulitoa shukrani kanisani, pasta akaniita mbele nitoe ushuhuda, nikautoa. Wanawake walilia. Karani sikumwona siku hiyo. Nilimpelekea chapati, akazipokea mlangoni akashukuru, na kesho yake niliziona kwa watoto wa jirani.

Alikuwa mtu mwingine. Watu wa hati za kiapo aliwarudisha, akiwaambia waende kwa kijana wa kompyuta. Nilimuuliza kwa nini na akasema, "Siwezi tena kumuuliza mtu lile swali." Haikupita miezi miwili akahama, akaenda kupanga Kawangware. Nilimfungia vyombo vyake kwenye gazeti mwenyewe. Nilifurahi alipoondoka. Nililia na nikafurahi, yote mawili.

Miaka miwili ikapita bila neno, halafu Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita, akanipigia. "Kuja, Mama Sheila. Sitaki usikie kwa mtu mwingine."

Nilimkuta nyuma ya soko, ana meza ya vitabu vya shule vya mitumba, na amekonda. Aliniingiza chumbani, akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Hakuzunguka.

"Yule mwenye duka anakaa hapahapa Kawangware. Ananunua vitabu vya watoto kwangu. Ameamua aliyemchomea ni shemeji yake, kwa sababu walikuwa wamegombana wiki hiyo na yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo mwingine. Amemfukuza mbele ya watu. Mke amemfuata kaka yake kwao kijijini, watoto wamebaki wanalia. Kila akija ananiuliza, 'Mzee, wewe ulikuwa Kibera, yule kijana wa mjengo kweli alikuwa nyumbani?' Na mimi ninampangia vitabu."

"Karani."

"Kesho akitoka kanisani atapita hapa. Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kile ninachokijua. Kwamba hukuwa nyumbani, nilikutua gunia jioni. Shadrack alikuwa wapi, sijui, na nitamwambia sijui."

"Ataenda polisi. Nitafungwa. Na Shadrack hawatamngoja polisi, watamuua."

"Inawezekana. Na mimi nitafungwa, nilidanganya korti." Akabana mikono katikati ya magoti. "Usifikiri siogopi. Silali."

"Mbona basi ulidanganya? Si ungesema tu siku ile?"

"Nilikuangalia pale nyuma nikakumbuka ulivyoniuliza habari za mtoto, nikakosa cha kukupa. Nikasema safari hii nikupe kitu. Mwenye duka nilikuwa nikimsalimia tu. Sikumjua. Kama ningemjua sijui ningefanya nini."

Nilimwambia Mungu ni wa rehema, mambo yale yalishapita, mimi nilitubu na nikasamehewa.

"Nakuamini," alisema. "Wewe una wa kumwendea. Mimi wa kunisamehe ni yule mwenye duka peke yake, na hajui kama kuna kitu cha kusamehe."

Nilipiga magoti. Nilimshika miguu, nikamtajia watoto mmoja mmoja kwa majina. Aliniinua kwa makwapa akanirudisha kwenye kiti, na machozi yalikuwa yanamtoka hata yeye, lakini hakubadilisha neno hata moja. Akasema tu nikirudi nyumbani nimwambie Shadrack aende mbali kwa muda, ndiyo sababu ameniita mapema. Shadrack aliondoka jioni hiyohiyo. Hiyo Jumapili ilipita na nyingine ikapita, na mimi sijampigia Karani, na yeye hajanipigia, na hakuna aliyekuja mlangoni. Sijui kama alisema. Sijui hata kama yu hai, na kwa nini nasema hivyo nitaeleza, maana nimeshaanza.

Nilipoona siwezi kumgeuza, nikamwambia, "Basi niruhusu niombe."

"Omba, Mama Sheila."

Alivua kofia yake akainamisha kichwa, kwa heshima, kama alivyoinamisha siku zote kwenye matanga ya watu. Mimi nikafunga macho. Sikuomba kwa sauti. Nilimwomba Mungu amchukue. Nilimwomba amchukue kabla ya kesho, taratibu, bila maumivu, kwenye kitanda kile alichokuwa amekalia, kabla yule mtu hajatoka kanisani. Niliomba kwa moyo wangu wote, sijawahi kuomba hivyo hata mtoto wangu alipokuwa anakufa. Nikasema kwa jina la Yesu, na amina niliitoa kwa sauti.

Karani alikuwa bado ameinama. Kisha akainua uso, macho mekundu.

"Umeniombea na mimi?"

"Nimekuombea."

"Asante," akasema, akavaa kofia. "Huku sina mtu wa kuniombea."